Ni Nani Mwenye Haki ya Kuitetea Uhuru Park?

Ndugu msomaji, kila upitapo katika barabara ya Uhuru Highway jijini Nairobi na kuitazama miti iliyo upande wa magharibi, jiulize swali hili: bustani ile ni ya nani? Mtoto atajibu upesi kwamba ni yetu sote. Mimi niliyesomea sheria sina budi kukawia kidogo kabla ya kujibu, maana najua kwamba kuna siku Mahakama Kuu ya nchi hii ililetewa swali hilo, nayo ikamjibu aliyelileta kwamba hana haki ya kuuliza.

Uhuru Park ilifunguliwa na Mzee Jomo Kenyatta tarehe 23 Mei 1969. Ni takriban hekta 12.9 za nyasi, miti, vijia na ziwa la kuchimbwa. Si kubwa. Lakini katika jiji ambalo wengi wa wakazi wake huishi chumba kimoja, wala hawana ua wa kuanikia hata shuka, hekta hizo zilikuwa sebule yao. Humo mtu alikodi mashua akapiga makasia kulizunguka ziwa. Wapiga picha waliwangoja wageni kutoka mashambani waliotaka ushahidi kwamba wamefika jijini. Wauza njugu na aiskrimu walipita katikati ya familia zilizoketi nyasini. Saa ya chakula cha mchana wahubiri walisimama chini ya miti, na kibarua asiyekuwa na pesa ya chakula alisikiliza Neno, kisha akajinyoosha kivulini mpaka saa nane. Hakuna aliyemdai kiingilio.

Mimi nilizaliwa mwaka 1980, katika mtaa mmoja wa mashariki ya jiji. Baba yangu alikuwa karani wa kawaida, mtu wa kanisa na mwenye kuhesabu kila senti. Kila Krismasi, baada ya ibada, alitutembeza kwa miguu hadi Uhuru Park, akatulipia mashua mara moja, akasimama ukingoni akitutazama huku ameshika viatu vyetu. Sikuwahi kumwona akiwa na furaha kama siku hizo. Ndiyo sababu sikusahau siku tulipofika tukakuta sehemu ya bustani imezungushiwa uzio. Ilikuwa Krismasi ya mwaka 1989. Nilimwuliza kwa nini. Alinishika mkono akanivuta, akasema kwa sauti ya chini, "Hayo ni mambo ya wakubwa. Tembea."

Mambo yenyewe yalikuwa haya. Kampuni iliyoitwa Kenya Times Media Trust, iliyomuunganisha mchapishaji wa Uingereza Robert Maxwell na chama tawala cha KANU, ilikusudia kujenga ndani ya Uhuru Park jumba la ghorofa 60, refu kuliko majumba yote barani Afrika. Gharama yake ilitajwa kuwa dola milioni 200 hivi. Ndani ya mradi huo zingekuwamo ofisi za chama, pamoja na sanamu kubwa ya Rais. Wakati huo Kenya ilikuwa nchi ya chama kimoja kwa mujibu wa sheria. Kifungu cha 2A, kilichotiwa katika Katiba mwaka 1982, kilikuwa bado hakijafutwa; hakikufutwa hadi Desemba 1991. Chama kilikuwa serikali, serikali ilikuwa chama, na bustani ya umma ilionekana kuwa kiwanja kilichokosa mwenyewe.

Profesa Wangari Maathai wa Green Belt Movement alipopata habari hizo, alifanya jambo dogo ambalo watu wengi wenye elimu kumzidi na vyeo kumzidi hawakuthubutu kulifanya: aliandika barua. Aliwaandikia wakuu wa serikali. Alimwandikia hata balozi wa Uingereza, akimwuliza kama jumba la namna hiyo lingeweza kujengwa katika Hyde Park ya London. Badala ya majibu, alipata matusi. Wabunge walimkejeli bungeni, shirika lake likafukuzwa katika ofisi lililokuwa likizitumia, na hadharani akakumbushwa kwamba mwanamke mwema wa Kiafrika huwaheshimu wanaume na kunyamaza.

Alikwenda pia mahakamani kuomba amri ya kuzuia ujenzi. Kesi hiyo ya mwaka 1989, kati ya Wangari Maathai na Kenya Times Media Trust, kila mwanafunzi wa sheria nchini huisoma. Mimi niliisoma chuoni, na nakiri kwamba nilipoimaliza nilisikia tena ile sauti ya baba ikiniambia nitembee. Mahakama haikuamua kama ilikuwa halali kujenga ghorofa 60 katika bustani ya umma. Haikufika huko. Ilisema kwamba mlalamishi hakuwa na haki ya kusimama mbele yake, kwa kuwa hakuonyesha madhara yaliyompata yeye binafsi, na kwamba Mwanasheria Mkuu pekee ndiye awezaye kushtaki kwa niaba ya umma.

Tulitafakari jibu hilo kwa utulivu, maana lina madhara makubwa kuliko ghorofa 60. Mwanasheria Mkuu alikuwa mshauri wa serikali ile ile ambayo chama chake kilitaka kujenga. Kwa hiyo mlinzi pekee aliyeruhusiwa kupiga kelele usiku alikuwa ameajiriwa na yule yule aliyekuwa akivunja mlango. Na kwa kuwa bustani ni mali ya watu wote, hakuna mtu hata mmoja aliyeweza kusema kwamba ameibiwa yeye. Lililo la wote likageuzwa kuwa si la mtu yeyote. Huo ndio ufundi wa unyang'anyi wa mali ya umma. Hauhitaji bunduki kila mara. Wakati mwingine unahitaji tu kanuni ya mahakama inayomnyima mwenye mali ruhusa ya kusema.

Wasomaji wa Biblia watakuwa wamekwisha kumkumbuka Nabothi na shamba lake la mizabibu. Mara nyingi twahubiriwa juu ya tamaa ya Ahabu na ukatili wa Yezebeli, lakini mimi kama wakili huvutwa na jambo lingine katika habari ile. Nabothi hakuvamiwa na majambazi njiani. Barua ziliandikwa kwa muhuri wa mfalme, wazee wa mji wakaitwa, mashahidi wakapatikana, hukumu ikatolewa. Kila kitu kilifuata utaratibu. Waliokosa ni wale wazee waliojua ukweli, wakaketi katika baraza, wakanyamaza.

Je, Uhuru Park iliokolewaje? Haikuokolewa na mahakama. Iliokolewa na kelele. Barua zile zilisomwa ng'ambo, wafadhili na wakopeshaji wakasita, na serikali ikalazimika mwanzoni mwa 1990 kutangaza kwamba mradi ungepunguzwa. Maxwell alifariki Novemba 1991. Mwanzoni mwa 1992 uzio ukaondolewa, na jumba halikujengwa kamwe.

Lakini bustani iliyookolewa kwa kelele ilikuwa imejifunza kupaza sauti. Tarehe 28 Februari 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa waliketi katika pembe moja ya Uhuru Park, wakaanza kufunga kula, wakidai wana wao waachiliwe. Tarehe 3 Machi polisi waliwashambulia kwa marungu na gesi ya kutoa machozi. Profesa Maathai alipigwa hadi akazirai. Baadhi ya akina mama wazee walivua nguo zao mbele ya polisi, kitendo ambacho kila Mkenya aliyelelewa na mama anajua ni laana ya namna gani. Walipofukuzwa nyasini walipokewa na kanisa kuu la All Saints lililo karibu, nao wakaendelea na mgomo wao humo kwa muda wa karibu mwaka mzima. Kufikia mwanzoni mwa 1993 karibu wafungwa wote waliokuwa wakidaiwa walikuwa wameachiliwa. Pembe ile tangu hapo huitwa Freedom Corner. Jina hilo halikutolewa na waziri. Lilitolewa na damu.

Naandika haya kwa ajili ya washiriki wa kanisa hasa. Wako wanaosema kwamba kanisa halina shughuli na viwanja wala bustani, kazi yake ni roho za watu. Waulizeni akina mama wale kama mlango wa kanisa ungefungwa siku ile wangekwenda wapi. Kanisa lililipa gharama ya mlango huo: tarehe 7 Julai 1997 polisi waliingia ndani ya All Saints na kuwapiga waumini waliokuwa humo. Ukweli ni kwamba bustani na kanisa ni majirani kwa namna mbili. Vyote viwili ni mahali ambapo maskini huingia bila kulipa, na vyote viwili humtia hofu mtawala anayetaka watu wasikutane.

Ukitaka kujua hali ya nchi, basi, tazama hali ya Uhuru Park. Tarehe 30 Desemba 2002 Mwai Kibaki aliapishwa humo, mbele ya umati ambao sijapata kuuona mwingine kama huo. Nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu na nilipanda juu ya bega la mtu nisiyemjua ili nione. Januari 2008, baada ya uchaguzi uliozozaniwa, bustani hiyo hiyo ilizingirwa na askari wa kupambana na ghasia ili mkutano wa upinzani usifanyike. Tarehe 13 Juni 2010 mkutano wa maombi wa wakristo waliopinga rasimu ya katiba ulishambuliwa humo kwa mabomu, waumini wakauawa. Na tarehe 27 Agosti 2010 Katiba mpya ikazinduliwa humo humo.

Hapa ndipo nawaomba msimame nami kidogo. Katiba iliyozinduliwa katika Uhuru Park ndiyo iliyofuta jibu lililotolewa juu ya Uhuru Park. Hatua ya kwanza ilikuwa Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999, iliyomruhusu mtu kutetea mazingira mahakamani bila kuthibitisha madhara yake binafsi. Katiba ikakamilisha. Kifungu cha 22 chamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kutetea haki za kimsingi, kwa niaba yake, ya wengine au ya umma. Kifungu cha 70 chasema juu ya mazingira kwamba mlalamishi hahitaji kuonyesha kuwa kuna mtu aliyepata hasara au kuumia. Kifungu cha 62 chakataza ardhi ya umma kutolewa au kutumiwa ila kwa kufuata sheria ya Bunge. Wangari Maathai alifariki tarehe 25 Septemba 2011, na mwezi uliofuata taifa zima lilimuaga kwa heshima za kiserikali ndani ya Uhuru Park. Mlalamishi aliyeambiwa hana mahali pa kusimama alipewa heshima ya mwisho mahali pale pale alipopatetea.

Lingekuwa jambo zuri kumalizia hapo na kuimba. Lakini haki iliyoandikwa ni kama jembe ukutani, halilimi lenyewe. Mwaka 2019 mpango wa barabara ya juu ya Nairobi ulitishia kumega ukanda wa bustani, na ni baada ya wananchi kupaza sauti ndipo mpango ulipobadilishwa. Mwaka 2021 bustani ilifungwa ili ikarabatiwe. Picha za miti iliyokatwa zilienea, watu wakauliza nani aliyeamua, na nani aliyeshauriwa. Malango yakakaa yamefungwa muda mrefu kuliko tulivyoahidiwa.

Sitaki kumwonea mtu. Ni kweli kwamba Uhuru Park ilikuwa imechakaa: nyasi zimekuwa vumbi, taka zinaelea ziwani, na jioni ikiingia mama mwenye mkoba hakuthubutu kukatiza humo peke yake. Taka zile hazikutupwa na serikali; tulizitupa sisi. Kukarabati lilikuwa jambo la lazima, na anayepanda maua si adui wa watu. Hata uzio, ukiwa wa kuwazuia waporaji, waweza kutetewa. Tofauti kati ya ukarabati na unyang'anyi haionekani kwa kutazama uzio. Inaonekana kwa kuuliza maswali matatu: Ni nani aliyeamua? Wenye mali walishauriwa? Na lango litafunguliwa lini, kwa masharti gani, na kwa nani? Kifungu cha 69 cha Katiba kinaiagiza dola kuhimiza wananchi washiriki katika utunzaji wa mazingira. Asiyetaka kujibu maswali hayo matatu, hata akiwa na maua mkononi, anarudia lugha ya mwaka 1989.

Wala tusidhani kwamba hatari hii ni ya Uhuru Park peke yake. Tume ya Ndung'u, iliyochunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma na kutoa ripoti mwaka 2004, ilikadiria kwamba hati zipatazo 200,000 zilitolewa kinyume cha sheria kati ya 1962 na 2002. Hizo zilijumuisha viwanja vya michezo, misitu, makaburi, njia na ardhi ya shule. Uhuru Park ilikuwa na Wangari Maathai. Kiwanja cha watoto mtaani kwako kilikuwa na nani? Mwenye nguvu mpishe, husema methali, na kwa miaka mingi tulimpisha hadi tukakosa pa kukanyaga.

Kwa hiyo nina ombi kwa kila kamati ya haki ya parokia, kila kikundi cha vijana na kila tawi la harakati hii. Orodhesheni viwanja vya umma vilivyo katika eneo lenu, vikubwa na vidogo. Mkiona mabati yanasimamishwa, andikeni barua kwa kaunti au kwa ofisi ya ardhi mkiuliza ni nani, kwa idhini gani, na kwa muda gani. Chini ya Kifungu cha 35 na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, afisa anayepokea ombi hilo anatakiwa kuliamua ndani ya siku 21. Wekeni nakala yenye muhuri wa kupokewa. Wakili wenu atawashukuru. Mkikosa jibu, nendeni mahakamani. Kesi ya kutetea haki za kimsingi haitozwi ada ya kuifungua, na mahakama yaweza kuipokea hata kwa maandishi yasiyo rasmi ikibidi. Msisubiri mtu mashuhuri. Yule mashuhuri tunayemsifu leo alianza na karatasi na kalamu, na siku ile hakuwa na sheria upande wake. Sisi tunayo.

Na tuendelee kuitumia bustani, maana mali isiyotumiwa na mwenyewe hupata mwenyewe mwingine. Tarehe 7 Julai 2024 vijana walikusanyika katika Uhuru Park kwa tamasha la kuwakumbuka wenzao waliouawa katika maandamano ya mwezi uliotangulia. Walio wengi miongoni mwao hawakuwa wamezaliwa akina mama wale walipopigwa. Waliimba, wakalia, wakakaa nyasini. Hivyo ndivyo bustani inavyotetewa siku zisizo na kesi: kwa watu kuwa ndani yake, wakicheza, wakiomba, wakibishana, wakilala.

Baba yangu ni mzee sasa. Simlaumu kwa kunivuta mkono siku ile. Alikuwa na watoto wa kulisha katika nchi ambayo kuuliza kulikuwa hatari, na alinivuta kwa upendo. Lakini mimi nina watoto pia, na sheria iliyokuwa juu ya kichwa chake siyo iliyo juu ya changu. Mwanangu akiniuliza mbele ya uzio wowote wa mabati kwa nini umejengwa, sina kisingizio cha kumwambia atembee. Nitasimama naye pale, nisome bango, na ikiwa hakuna bango nitaandika barua.

Nawe, ndugu msomaji, fanya vivyo hivyo.